Mbwa wa stoo naye huugua: yanayowamaliza mbwa wetu kutoka Maliba hadi mpakani

Mfanyabiashara wa Maliba akishafunga stoo ya kahawa jioni, mali yake inabaki kwa walinzi watatu: kufuli, jirani na mbwa. Kufuli hukatwa. Jirani hulala. Mbwa ndiye anayekesha, na mara nyingi ndiye asiyewekewa hata maji ya kunywa. Akifa tunasema siku yake imefika, tunatafuta mwingine, na wiki hiyohiyo tunalalamika kwamba wezi wamerudi.

Nimeishi na mbwa huku chini ya Rwenzori miaka mingi na nimewazika wengi kuliko nilivyopaswa. Wengi wao hawakufa kwa uzee. Walikufa kwa mambo ambayo ningeyazuia kwa fedha ndogo kuliko bei ya gunia moja la mahindi, kama ningeyajua mapema.

Wa kwanza kunifundisha alikuwa mtoto wa mbwa niliyemnunua Bwera siku ya soko. Kijana wa bodaboda alimweka ndani ya kikapu, wiki sita hivi, macho maangavu, tumbo limevimba kama ngoma. "Mzee, huyu ni wa ukoo mkali," akaniambia, "mama yake analinda duka la sementi." Nikalipa, nikasafiri naye kupitia Kikorongo na Kasese mjini hadi nyumbani, nikamwekea boksi nyuma ya stoo. Siku ya tisa akakataa uji. Siku ya kumi akatapika povu, kisha akaharisha damu yenye harufu ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Nilimpa maziwa. Nikamfungulia vidonge vya antibayotiki vya watu. Siku ya nne ya kuugua akafa.

Jirani alisema amerogwa. Mimi nilisema alikuwa dhaifu. Baada ya mwezi nikaleta mwingine, nikamlaza kwenye boksi lilelile, na yeye akafa vilevile. Ndipo nilipomwita daktari wa mifugo, kwa kuchelewa kama kawaida yetu. Hakuuliza mengi. Aliuliza tu kama boksi ni lile la zamani.

Ugonjwa huo ni parvo. Ni kirusi kinachoshambulia utumbo wa mbwa, hasa watoto wa kuanzia wiki sita hadi miezi sita, na kinabaki kwenye udongo, sakafu na viatu kwa miezi mingi. Sabuni ya kawaida haikiui. Kinachokiua ni dawa ya klorini kama ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ikichanganywa na maji na kuachwa ikae juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa. Udongo wa uani huwezi kuupaka klorini ukaisha, kwa hiyo nyumba iliyopata parvo isilete mtoto mwingine ambaye hajamaliza chanjo.

Nasema kumaliza kwa sababu hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Muuzaji anakuambia mtoto amechanjwa, na pengine ni kweli, amechomwa mara moja. Lakini mtoto wa mbwa hunyonya kinga kutoka kwa mama yake, na kinga hiyo ikiwa bado imo mwilini huifanya chanjo isishike. Inapoisha, anabaki wazi. Ndiyo maana chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, mpaka afikishe wiki 16. Mtoto wa wiki sita aliyetembezwa sokoni kwenye kikapu, akaguswa na watu 40 na kunusana na mbwa wa kila duka, amekwisha kukutana na kila kitu kabla hujamlipia.

Na lile tumbo lililovimba kama ngoma halikuwa shibe. Lilikuwa minyoo. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo tayari, kwa sababu minyoo ya duara hupita kutoka kwa mama kabla ya kuzaliwa, na safura huingia kwa maziwa. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili ya maisha na kurudiwa kila wiki mbili hadi aache kunyonya. Angalia fizi zake: zikiwa nyeupe kama karatasi, damu inanyonywa. Jambo hili linahusu pia watoto wako wanaocheza peku uani, kwa kuwa mayai ya minyoo hiyo humwingia binadamu vilevile.

Kupe, na dawa ya ng'ombe

Mbwa akishavuka miezi sita, parvo humpungukia. Hapo kupe huchukua zamu. Kupe wa mbwa hukaa masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia, na madhara yake hayaishii kwenye damu anayoinyonya. Anaingiza vijidudu vinavyovunja chembe za damu. Mbwa anapata homa kali, analala asichokizoea kulala, mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi au kahawa, fizi zinapauka au kuwa njano. Wengine hutokwa damu puani. Ukiona mkojo wa rangi ya kahawa usingoje kesho, maana kwa mbwa mdogo siku moja ni nyingi. Dawa ipo na inafanya kazi ikiwahi.

Tatizo ni tunavyopambana na kupe. Kila mwenye ng'ombe ana chupa ya dawa ya kuogeshea, na mtu hufikiri kupe ni kupe. Anakadiria kwa macho, anammiminia mbwa, anamwacha ajikaushe juani. Mbwa anajilamba. Baada ya muda anatoa mate mengi, anatetemeka, macho yanakuwa madogo, miguu haimshiki. Dawa nyingine za ng'ombe kwa mbwa ni sumu hata kwa kiasi kidogo, na ile inayomfaa ina kipimo chake. Nimeona mbwa aliyepona kupe akafa kwa tiba ya kupe.

Makosa hayohayo hutokea kwa ugonjwa wa mbung'o. Wenzetu wanaokaa ukingoni mwa hifadhi ya Queen Elizabeth, au wanaopitisha mifugo kwenye vichaka, wanaujua kwa ng'ombe na huuita nagana. Mbwa naye huupata, na humwendea vibaya kuliko ng'ombe. Anakonda huku anakula, homa inakuja na kuondoka, na dalili ambayo huwezi kuikosea ni jicho: linageuka la buluu iliyofifia au jeupe kama limemwagiwa maziwa. Watu husema amepigwa fimbo ya jicho. Wengine wakishajua ni nagana, humchoma sindano ya unga wa njano uliobaki wa ng'ombe. Dawa hiyo kwa mbwa ina nafasi ndogo sana kati ya kuponya na kuua. Ikizidi kidogo huharibu ubongo, mbwa akaanza kuzunguka, kuanguka na kupooza. Mwache anayejua uzito na kipimo ndiye achome.

Chakula kinachotoka kwenye biashara yetu wenyewe

Hapa niwaombe wenzangu tunaovusha mizigo Mpondwe tujitazame. Tunachomlisha mbwa ni kile kilichokataliwa na mnunuzi.

Mahindi, kwa mfano. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na kila mfanyabiashara wa nafaka anakumbuka malori yaliyokwama. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Huioni kwa macho, haina ladha, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Sasa, gunia lililoota ukungu tunalipeleka wapi? Tunasaga, tunampikia mbwa. Na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika nayo upesi, kwa sababu inaharibu ini. Hakatazi chakula siku ya kwanza. Anakula wiki kadhaa, kisha anaacha kula, anatapika, macho na fizi vinageuka njano, tumbo linajaa maji. Hata Marekani, wanakouza chakula cha mbwa kwenye mifuko ya kupendeza, mwishoni mwa mwaka 2005 mbwa wengi walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa na mahindi yenye sumukuvu. Huku kwetu mbwa akifa hivyo hakuna anayempima. Tunasema amekula sumu, na kwa kweli tumesema kweli bila kujua.

Kakao ni ya pili, na hii imeongezeka tangu kakao ya upande wa Beni ianze kupita kwa wingi. Ndani ya mbegu ya kakao mna kitu kiitwacho theobromini, ambacho sisi miili yetu hukiondoa haraka na mbwa hukiondoa polepole mno. Moyo humwenda mbio, anahangaika, anatapika, anakojoa mara kwa mara, na akizidisha anapata degedege. Kwa mbwa mdogo kiganja kimoja cha mbegu kavu kinatosha kumlaza. Maganda yanayofagiliwa na kutupwa nyuma ya stoo yana sumu hiyohiyo. Anayeanika kakao kwenye turubai asimfunge mbwa kando ya turubai.

Samaki wa chumvi, wale makayabo, nao wana lao. Mbwa akila vichwa na ngozi za samaki waliokolea chumvi huku hana maji, chumvi hupanda kwenye damu na kumfikia ubongoni. Na mbwa wetu wengi hawana maji. Huku Maliba jioni kuna baridi ya mlima, lakini kule tambarare, kuanzia Kasese mjini kushuka hadi mpakani, jua la saa nane mchana juu ya ukuta wa mabati si mchezo. Mbwa hana jasho la kumpoza kama letu, anapumua kwa ulimi tu. Ukimfunga kwa mnyororo wa hatua mbili, kivuli kikihama hawezi kukifuata.

Mifupa ya kuku iliyopikwa huchanika kama miti na kutoboa utumbo. Utumbo na mapafu mabichi ya machinjioni humletea tegu, na kuna tegu mmoja ambaye mayai yake yakimwingia binadamu huota mafuko ya maji kwenye ini na mapafu. Vipikwe basi.

Sumu ya makusudi nayo ipo. Mwezi Aprili 2018 simba 11, wakiwemo watoto wanane, walikutwa wamekufa karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, wilayani kwetu Kasese, ikashukiwa walitegewa sumu. Nyama ya aina hiyo haichagui mlaji. Mbwa wa mchungaji akipita hapo, naye anakufa, na tai pia. Wapo pia wanaomtegea mbwa wa jirani kwa sababu ya kuku wawili.

Nikitaja simba nikumbushe jingine. Mwaka 1994 kule Serengeti, Tanzania, karibu theluthi moja ya simba walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Ulihusishwa na mbwa wa vijiji vya kando ya hifadhi, ambao hawakuwa wamechanjwa. Distempa huanza kama mafua: usaha machoni na puani, kikohozi, homa. Kisha mbwa anaanza kutikisika mguu au taya bila kukoma, hata akiwa usingizini. Wachache hupona na hubaki na mtikisiko huo. Chanjo yake huchanganywa na ya parvo kwenye sindano moja, kwa hiyo anayechanja vizuri anakinga yote mawili. Sisi tunaoishi kati ya Queen Elizabeth na Virunga, watalii wakija wanakuja kwa ajili ya hao simba.

Mbwa anapobadilika tabia

Yote niliyotaja yanaua mbwa. Kichaa cha mbwa kinaua mbwa na mwenye mbwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna hospitali itakayomrudisha, si Bwera, si Kampala, si Ulaya. Lakini kabla ya dalili kuanza kinga ipo na inafanya kazi. Kati ya kuumwa na dalili mara nyingi hupita miezi miwili au mitatu, na inaweza kuwa wiki moja au mwaka. Kidonda kinapona, mtu anasahau, anaendelea na safari zake za Kasindi na Butembo. Ndiyo hatari yake.

Wengi wanamngojea mbwa mwenye kichaa aje akitoka povu na kukimbiza watu. Yupo wa namna hiyo. Yupo pia wa kimya, na huyu ndiye anayewaua wema. Anajificha pembeni, sauti inabadilika, taya linalegea, mate yanadondoka, anashindwa kumeza. Mwenye mbwa anafikiri mfupa umemkwama kooni. Anamfungua mdomo, anaingiza mkono autafute mfupa. Mate yale yakikuta mkwaruzo kidoleni, yamefika. Mbwa asiyeweza kumeza usimwingize mkono mdomoni. Mfungie mahali, piga simu kwa ofisi ya mifugo.

Ukiumwa, jambo la kwanza si dawa ya mitishamba wala kufunga jeraha. Ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri, kaa hapo. Kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya mtu hutolewa kwa awamu, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na kuendelea kadiri daktari atakavyopanga, na jeraha lililochimba au la usoni huhitaji pia sindano ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Wafanyabiashara ndio wanaokatiza awamu, kwa sababu siku ya saba imeangukia siku ya soko. Ukiwa upande wa Congo siku hiyo, beba kadi yako na umalizie huko.

Mbwa aliyeuma, ikiwa anafahamika na yuko mzima, usimuue papo hapo. Afungiwe siku 10 na kuangaliwa. Kama ndani ya siku hizo hakuugua wala kufa, basi hakuwa na kichaa kwenye mate siku alipouma. Mkimpiga mawe na kumtupa mtoni, mmejinyima jibu. Wakati huo wote aliyeumwa anaendelea na chanjo, hangoji siku 10 ziishe.

Kuna mahali pamefaulu. Kisiwani Pemba walichanja mbwa kwa kampeni za kurudiarudia, na kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa, wakachanja upya, na kufikia mwisho wa 2018 kikaisha tena. Kisiwa kimezungukwa na bahari, bado kikaingiliwa. Sisi mpaka wetu ni mto Lhubiriha, ambao mbwa anauvuka bila kulowa mgongo. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Wakichanjwa 70 upande wa Bwera na wachache upande wa Kasindi, hesabu haitimii kwa yeyote.

Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na tumefurahia kupungua kwa vikwazo vya kahawa na vitenge. Mbwa hajawa mzigo wa kawaida. Anayevusha mbwa anatakiwa awe na kibali na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, pamoja na uthibitisho wa chanjo ya kichaa. Chanjo huhitaji wiki kadhaa kujenga kinga, kwa hiyo aliyechomwa asubuhi na kuvushwa mchana ana karatasi tu. Najua wengi huwapitisha kwenye gunia kwa njia za panya. Najua pia mtoto wa mbwa aliyepita hivyo huanza kulala na watoto wa nyumba usiku huohuo.

Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa muda ulioandikwa kwenye kadi, kwa kawaida kila mwaka. Ni dawa inayokaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo usiinunue kwenye duka ambalo friji yake huzimwa usiku, wala usiibebe kwenye mfuko wa koti kutoka Kasese hadi Maliba. Siku za chanjo za wilaya zikitangazwa redioni au kanisani, mpeleke mbwa akiwa na kamba shingoni na mtu mzima wa kumshika. Usimtume mtoto. Mbwa wengi hukutana hapo, wanapigana, na anayeshika kamba ndiye anayeumwa.

Niliye naye sasa ana miaka minne. Ni jike, mweusi, sikio moja limekatika, hajui kubweka kwa wateja lakini usiku anajua nani si mteja. Ana ndoo yake ya maji na kivuli cha mparachichi. Kadi yake ya chanjo ninaiweka kwenye faili moja na leseni ya biashara na risiti za ushuru, kwa kuwa zote huisha kwa mwaka na zote huulizwa siku ambayo hukujiandaa.